Baiskeli Yangu ya Gia Ishirini na Moja

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, mwalimu mzoefu, mtu wa kusahihisha makosa ya wengine kwa kalamu nyekundu, nilipouziwa takataka mchana kweupe pale Kasulu mjini nikasema asante.

Nimezaliwa Muheza. Baba yangu alikuwa na baiskeli nyeusi, chuma kitupu, nzito kama mlango wa boma, na nilijifunza kuiendesha nikiwa nimepitisha mguu chini ya bomba la juu kwa sababu nilikuwa mfupi. Kwa hiyo nilijua kuendesha. Kununua ndiyo sikujua, na hayo ni mambo mawili mbalimbali, ingawa mtu mwenye kiburi huyaona kuwa moja.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuhamishiwa Kibondo. Nilipanga vyumba viwili mjini, na shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa kilomita kama nane: unateremka mteremko mrefu wenye kona mbili, unavuka daraja, kisha unapanda upande wa pili hadi moyo uanze kukuuliza maswali. Kila asubuhi nilipanda bodaboda. Siwachukii vijana wa bodaboda, lakini kuna siku nilibebwa pamoja na kreti la soda na mbuzi, na mbuzi ndiye aliyewekwa mahali pazuri. Siku hiyo niliapa kwamba nitanunua baiskeli.

Nafasi ikaja tulipoitwa Kasulu kwenye semina ya siku tatu. Siku ya mwisho niliingia katika duka moja lililojaa majembe, masufuria na baiskeli zilizoning'inizwa darini. Mwenye duka alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe na masharubu yaliyokatwa kwa makini. Alipofungua kinywa tu, nikajua nimepotea.

"Karibu dada yangu. Hujambo? Za siku nyingi?"

Hatukuwahi kuonana maishani. Lakini alikuwa mtu wa Pangani, na yale maneno aliyatamka kama yanavyotamkwa kwetu, laini, kila silabi imekaa mahali pake. Nilikuwa na miezi mingi nikisikia Kiswahili kilichopitia kwenye Kiha kwanza, kizuri kwa namna yake, lakini si cha kwetu. Pale dukani nilisimama kama mtoto aliyesikia sauti ya mama yake chumba cha pili. Nilipomwambia kwetu, aliniuliza machungwa ya Muheza yanaendeleaje. Nikamweleza. Kufikia hapo angeweza kuniuzia jeneza.

Aliniteremshia baiskeli nyekundu. Gia ishirini na moja. Shokapu mbele, shokapu nyuma. Tairi nene zenye meno kama ya trekta. Ubavuni mwa fremu palikuwa na maneno ya Kiingereza ya kung'aa, yaliyokosewa herufi mbili. Mimi nafundisha Kiingereza darasa la sita. Niliyaona makosa yale. Nikanunua hivyo hivyo.

"Hii mlima inapanda yenyewe," alisema yule mzee akiifuta vumbi. "Wewe kazi yako kukaa tu."

Niliirudisha Kibondo juu ya basi, imefungwa kamba kati ya magunia ya maharage. Tulipofika, kipande cha plastiki cha kubadilishia gia kilikuwa kimekwisha pasuka. Nikalilaumu gunia. Ndivyo mtu anavyofanya na kitu alichokipenda kwa haraka: kila kosa lake ana mwingine wa kulibebesha.

Jumamosi niliizungusha nyuma ya nyumba, halafu, kwa mazoea ya kazi, nikachukua daftari nikaisahihisha kama mtihani. Breki nilizipa mbili kwa kumi. Gia tatu. Kiti nne, kwa sababu kilikuwa laini, ingawa kilizunguka kila nilipogeuka, kama mtu anayetaka kuona nani anapita nyuma. Rangi nikaipa tisa. Jumla ilikuwa ya kufeli, lakini nilijiambia kwamba mwanafunzi mgeni apewe muda.

Mgeni alijionyesha mapema. Siku ya kwanza cheni ilitoka mara tatu. Siku ya pili nikagundua kwamba kati ya gia ishirini na moja ni nne tu zinazoingia, na siyo mimi ninayechagua ipi. Unabonyeza, unasubiri, baiskeli inafikiri, kisha inakupa inayoitaka yenyewe, kwa kawaida ile nzito katikati ya mlima. Siku ya tatu pedeli ya kulia ilikatika, nikaingia shuleni saa nne ikiwa imepita, nikiisukuma.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi akitazama pikipiki yake ikikauka. Aliiosha kila siku saa nne, wakati watoto wanakwenda mapumziko, kwa maji ya pampu ya shule. Alikuwa mtu mkubwa wa tumbo na wa sauti, mhamiaji kama mimi, na alikuwa na tabia ya kukutazama kuanzia viatuni.

"Mwalimu," alisema, "naona leo umeitembeza baiskeli."

Walimu wenzangu wakacheka. Wiki nzima wakawa wananiuliza kama imeshakula, kama inauma wageni. Nilicheka nao, na moyoni nikamwekea yule bwana kinyongo kikavu, cha kudumu, kama samaki wa kukaushwa.

Wiki ya pili ikanyesha. Udongo wa Kibondo ukilowa huwa kama sabuni nyekundu. Nilikuwa nateremka kuelekea darajani nilipoona mwanamume mmoja anapanda, anasukuma baiskeli nyeusi ya mzigo yenye mikungu minne ya ndizi. Nikabana breki. Mkono wa breki ukaja wote hadi ukagusa usukani, na baiskeli haikupata habari. Nikabana ule mwingine kwa nguvu. Ukakatika, nikabaki nimeushika kiganjani kama kijiko. Nilipiga kelele, sikumbuki nilisema nini. Yule bwana aliinua kichwa, akaona, akaiachia baiskeli yake na kuruka pembeni kama kijana, na mimi nikaingia katika ndizi.

Ndizi ziliniokoa. Nililala juu yake nikiwa nimepasuka goti na heshima. Yule bwana aliziendea ndizi zake kwanza. Aliinua mkungu mmoja mmoja, akautazama, akauweka kwenye majani. Kisha ndipo alipokuja kwangu. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mwembamba, mikono myeusi kwa grisi hata kucha.

"Umeumia?"

"Sijui."

"Basi hujaumia."

"Shikamoo," nilisema, kwa kuwa sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba." Akainama kwenye baiskeli yangu. Aliizungusha rimu kwa kidole akaisikiliza. Alikandamiza ile springi ya nyuma kwa kiganja ikazama, akaiacha ikarudi na mlio wa kitanda kibovu. Akacheka kimoyomoyo, bila kuonyesha meno. "Umeinunua wapi?"

"Kasulu."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Ego," alisema, ndiyo ya Kiha hiyo. "Inaonekana."

Nikamwambia nitamlipa ndizi zilizopondeka. Alitikisa mkono kama anayefukuza inzi.

"Oya, hapana, mwalimu. Hii si baiskeli. Hii ni picha ya baiskeli. Picha inatundikwa ukutani, haipandwi. Utaua mtu, na mtu huyo huenda ni mimi. Ilete Jumamosi."

Kumbe alikuwa fundi baiskeli. Siku za gulio alibeba ndizi, siku nyingine alikaa chini ya mabati manne karibu na soko la Kibondo, cheni kuukuu zimening'inia misumarini, kopo la gololi miguuni. Alizaliwa kijijini Kitanga, hakwenda shule zaidi ya darasa la nne, na hakuna mtu aliyewahi kunidharau kwa utaratibu kama yeye. Mwalimu mkuu alidharau watu. Fundi alidharau vitu vibaya, na mtu aliguswa tu kwa sababu amevishika.

Jumamosi nilikwenda na daftari langu. Nilitaka ajue kwamba mimi si mjinga kabisa, kwamba nilikuwa nimekwisha kuitathmini. Nikamsomea alama.

"Kwa nini breki umezipa mbili?" aliuliza.

"Ya nyuma ilikuwa inashika kidogo."

"Ilikuwa inashika kwa sababu rimu imepinda. Ikifika pale palipopinda, inajigusa yenyewe. Hiyo ni sifuri."

Nikafuta mbili, nikaandika sifuri.

Nilikuwa na orodha ya matengenezo niliyoyataka: gia zifanye kazi, kiti kizuri zaidi, kengele. Alinisikiliza huku akifungua nati.

"Kwanza tunaondoa kinachokuua," alisema. "Halafu kinachokuchosha. Kengele utanunua ukiwa bado uko hai."

Alianza na breki. Mikono yangu ya plastiki aliitupa kwenye debe bila kuitazama, akafunga mikono ya chuma ya mtumba iliyokuja kwa njia ya Manyovu, mpakani na Burundi, pamoja na waya mpya na raba nene. Baada ya hapo alinipeleka juu ya mteremko mfupi nyuma ya soko akaniambia niteremke na nisimame kwenye jiwe jeupe. Nikasimama kwenye jiwe jeupe. Sitasema nilifurahi, nilikasirika, kwa sababu ndipo nilipojua kwamba wiki mbili zote nilikuwa nateremka kwa rehema za Mungu tu.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya shokapu ya nyuma. Hii niliitetea. Ndiyo iliyonifanya niipende dukani, ile springi nyekundu nene chini ya kiti.

"Ukipanda mlima, unakanyaga mara mbili," fundi alisema. "Moja unaisukuma baiskeli, moja unaisukuma springi. Springi haiendi shuleni, mwalimu."

Aliing'oa, akapima nafasi yake kwa kamba, akakata kipande cha chuma cha duara, akakitoboa ncha mbili na kukifunga pale. Shokapu yangu ya nyuma ikawa fimbo. Jumatatu yake nilifika juu ya mlima wa shule bila kushuka, kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nahema kwa hasira ya kukumbuka jinsi nilivyoisifu ile springi mbele ya watu.

Ndivyo tulivyokwenda, kitu kimoja kimoja, kadiri mshahara ulivyoruhusu, mwaka mzima na zaidi. Gia za mbele aliziondoa zote akabakiza duara moja. Za nyuma akabakiza sita. "Ishirini na moja za nini? Mlima ni mmoja." Pedeli zikawa za chuma. Gololi za usukani, alipofungua, zilikuwa tano mahali pa zaidi ya kumi na tano, na grisi hakuna hata ya kupaka mdomo. Tairi zenye meno ya trekta zikaisha zenyewe kabla ya miezi sita, tukaweka nyembamba zaidi, ngumu. Rimu nilizipata kwenye soko la kambi ya wakimbizi, kwa Mkongomani mmoja aliyezipiga kwa kucha zikalia kama kengele. "Mama, hii ni piyesi ya Bulaya," aliniapia, "ya vre," yaani kipuri cha Ulaya, cha kweli. Nilimpelekea fundi nikitarajia tusi. Alizizungusha, akazitazama kwa jicho moja, akasema, "Huyu hakukudanganya." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Shuleni mwalimu mkuu alifuatilia kila badiliko kama mkaguzi. Nilipoweka rimu alisema kwa fedha hizo ningepata mbuzi. Nilipobadilisha cheni mbuzi akawa ndama. "Umenunua baiskeli mara tatu, na bado huna baiskeli," alisema mbele ya wageni kutoka wilayani, na ubaya wake ni kwamba mara hii alikuwa na ukweli kiasi. Fremu na uma wa mbele ndivyo vikubwa vilivyobaki vya dukani, na lile tangazo la Kiingereza kibovu. Nililikwangua kwa kisu, lakini liliacha alama.

Sikukuu moja nilikwenda Kasulu na mfuko wa rambo wenye viungo vyote vilivyokufa: mikono ya breki, pedeli, springi, gololi tano katika karatasi. Nilivimwaga juu ya kaunta ya yule mzee wa Pangani. Alivitazama kwa huruma kubwa, kama daktari.

"Lakini dada yangu," alisema taratibu, "kwani uliiendesha?"

"Nifanye nini nayo? Niipikie?"

"Hizi watu wanawanunulia watoto, wanazunguka uani. Wewe uliiendesha barabarani? Milimani?"

"Wewe uliniambia inapanda mlima yenyewe!"

"Ndiyo, yenyewe," alisema. "Sikusema na wewe juu yake."

Nilivizoa viungo vyangu nikavirudisha mfukoni. Wakati natoka niliona, imeegemezwa kwenye ukuta wa duka, baiskeli nyeusi ya zamani, kareia pana, kiti kimefunikwa kwa mfuko dhidi ya mvua. Nikamuuliza ni ya nani.

"Yangu," alisema. "Hiyo ya kazi."

Nilirudi Kibondo nikiwa nimeyachukia machungwa ya Muheza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sipendi kulisimulia, na ndilo lenyewe.

Mwaka wa pili mwalimu mkuu alipimwa hospitali wakakuta sukari imepanda na presha imepanda. Daktari akamwambia aiache pikipiki, autumie mwili. Alikwenda likizo, na alipopita Kasulu akarudi na baiskeli. Ilikuwa ya kijani, lakini ilikuwa ile ile. Shokapu mbele, shokapu nyuma, tairi za trekta, maneno ya Kiingereza yenye makosa yale yale mawili. Aliileta shuleni Ijumaa nyuma ya gari la mtu, akaisimamisha mbele ya ofisi, na walimu wakaizunguka.

"Hili ni toleo jipya," alisema akinitazama mimi. "Siyo kama zile za zamani."

Nilisogea. Niligusa mkono wa breki, nikaubinya kidogo kwa vidole viwili. Plastiki ilipinda. Nilizungusha gurudumu la nyuma nikasikia raba ikikwaruza mahali pamoja tu, pale palipopinda. Nilijua kila kitu. Katika wilaya nzima huenda ni watu wawili tu waliomjua mnyama yule kwa undani kama ule, na mmoja alikuwa mimi. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama, mkono kiunoni, akisubiri niseme neno ili anijibu. Watu walikuwa wananitazama.

"Hongera, Mkuu," nilisema. "Inang'aa."

Nilijiambia kwamba namtakia cheni itoke tu. Nilitaka nimwone siku moja akiingia getini anaisukuma, jasho linamtoka, nimwulize kama ameitembeza. Sentensi nilikuwa nimeiandaa tayari. Jumamosi na Jumapili nililala vizuri kabisa.

Jumatatu alfajiri ilinyesha. Nilikwenda mapema, na saa mbili kasoro mwalimu mkuu alikuwa hajafika. Kisha kijana wa bodaboda akaingia getini kwa kasi akisema Mkuu wetu amelala kwenye kona ya bondeni, ameanguka vibaya. Nilichukua baiskeli yangu. Mteremko wa upande ule wa shule ni mkali zaidi, na breki zangu zilishika njia nzima, kila kona, kimya, kwa utii. Sijawahi kuzichukia breki kama asubuhi ile.

Nilimkuta ng'ambo ya daraja, ameketi ndani ya mtaro, kiatu kimoja hakipo, mkono wa kulia umekaa vibaya chini ya kiwiko. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Uso ulikuwa wa majivu. Ile baiskeli ya kijani ilikuwa imelala juu ya miguu yake, na mkono mmoja wa breki ulikuwa umekatika pale pale ulipokatikia wangu.

"Barabara mbovu," aliniambia huku akitema damu. "Angalia barabara yenyewe."

"Ndiyo, Mkuu," nilisema. "Barabara mbovu."

Gari moja la misafara ya kambini lilikuwa linapita. Dereva akasimama, tukampakia, nikaushika ule mkono njia nzima hadi hospitali. Kila tuta aliguna, na kila alipoguna nilikumbuka neno langu: inang'aa.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi. Sikuwa na kitu cha kutengeneza. Nilimsimulia ajali ya Mkuu na baiskeli yake, nikadhani atamcheka mnunuzi, kama alivyonicheka mimi. Aliendelea kunyoosha spoki.

"Zile breki uliziona?"

"Niliziona."

"Ukazigusa?"

"Nilizigusa."

"Ukasema nini?"

"Nikasema inang'aa."

Aliweka spana chini. "Mimi nilikucheka, mwalimu," alisema. "Lakini nilikufungia breki."

Akarudi kwenye spoki zake. Kwa zaidi ya mwezi, kila nilipopita aliniambia ana kazi, hata siku alipokuwa amekaa na kikombe cha chai mkononi, hana hata tiubu ya kuziba. Nilikuwa nimezoea dharau yake kwa baiskeli yangu. Sasa nilionja ile ambayo haikupitia kwenye chuma chochote, na nikaona kwamba yangu yote kwa mwalimu mkuu, ya miaka miwili, ilikuwa ya mtoto.

Nilikwenda nyumbani kwa mwalimu mkuu alipotoka hospitali. Mkewe alikuwa anamnywesha uji, maana mkono ulikuwa ndani ya plasta na meno yalikuwa yanamsumbua. Nilingoja mama huyo atoe bakuli.

"Mkuu, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Breki zile. Yangu ilikuwa na zile zile. Zilinitupa wiki ya pili tu. Ijumaa nilizigusa, nikajua, nikanyamaza."

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza hakuanzia viatuni.

"Ningekusikiliza?"

"Hapana."

"Ni kweli. Nisingekusikiliza. Ningesema una wivu." Alimeza mate kwa shida. "Lakini ungesema. Ungesema, ningekudharau, ningeanguka, na leo ungekuwa na haki ya kukaa hapo unicheke hadi utosheke. Sasa hata hiyo huna. Umejinyima mwenyewe."

Nilitaka kucheka na sikuthubutu. Nikamwomba aniachie ile baiskeli. Alisema niichukue, niitupe mtoni nikipenda, mradi asiione.

Niliisukuma hadi sokoni, usukani umepinda kulia, nikipita katikati ya watu walionijua. Fundi aliiona tangu mbali. Hakunisalimia na sikumlaumu. Niliilaza miguuni pake.

"Kwanza kinachoua," nilisema. "Nalipa mimi."

Aliizungusha rimu kwa kidole. Alikandamiza springi. Safari hii hakucheka. Kisha akanirushia spana namba kumi na tatu, nikaidaka, akaonyesha nati ya mkono wa breki kwa kidevu. Nikaifungua mwenyewe. Tulifanya kazi hadi adhuhuri bila maneno zaidi ya "shika hapa" na "kaza". Alipokata kipande cha chuma cha kuweka mahali pa springi alinipa mimi nikitoboe, na nilipokitoboa vibaya alikitupa kwenye debe akakata kingine.

Plasta ilitolewa baada ya wiki nyingi, na meno ya bandia yakaja baadaye kidogo. Daktari hakubadili maneno yake kuhusu mazoezi. Asubuhi moja ya kiangazi mwalimu mkuu alinikuta juu ya mteremko wa upande wa mjini, akiwa juu ya baiskeli ya kijani, kofia ya pikipiki kichwani. Tukateremka pamoja. Alibana breki tangu juu hadi darajani. Raba zililia njia nzima kama nguruwe anayekwenda kuchinjwa, na kina mama waliokuwa wanakwenda shambani waliingia porini kutupisha. Anaendesha vibaya. Magoti nje, kiti chini mno, hajui gia yoyote isipokuwa ile aliyoikuta. Kwenye mlima wa upande wa pili alishuka akasukuma, nami nikashuka, nikasukuma kando yake, nikiwa na ile sentensi yangu ya kutembeza baiskeli mdomoni. Niliimeza.

Saa nne, watoto walipokwenda mapumziko, aliwakusanya walimu mbele ya ofisi. Aliwaonyesha mikono ya breki ya chuma, waya, raba nene. Aliwaeleza kwamba baiskeli yoyote ile jambo la kwanza ni breki, mengine yote urembo. Kwamba aliligundua hilo mapema na akaelekeza mwenyewe nini kifanyike. Mwalimu wa hisabati akamuuliza ile fimbo ya chuma chini ya kiti ni ya nini.

"Shokapu," alisema mwalimu mkuu, "inakula nguvu ya mtu. Niliamua iondolewe." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe unasemaje?"

Nilisema ni kweli kabisa, Mkuu. Halafu nikaenda kuzifunga baiskeli zote mbili kwenye nguzo moja, maana alikuwa amesahau kununua mnyororo.